Mkono wa Baridi: Watu wa Pwani na Baridi ya Mlima Meru



Mwezi wa Julai uliopita alinizuru kijana mmoja wa kwetu Pangani, aliyepanda Arusha kwa shughuli zake. Alinikuta barazani baada ya sala ya alfajiri, akanipa shikamoo, akaushika mkono wangu aubusu kama ilivyo ada yetu, mara akashituka, akasema, "Maalim, mbona mkono wako baridi hivi? Kweli hujambo?" Nikamjibu, "Marahaba mwanangu, sijambo. Ndiyo Arusha hii." Nikacheka, naye akacheka. Lakini alipokwisha kwenda zake nilibaki nimekaa, nikikumbuka mkono mwingine wa baridi nilioshikishwa miaka arobaini nyuma; na siku ile sikucheka. Habari hiyo nitakueleza mahali pake.

Wengi hudhani kwamba mtu kuwa na mikono na miguu ya baridi daima ni jambo dogo, halistahili wino. Lakini, ewe msomaji, baridi ya viungo ina tarikh yake katika nchi hii, na tarikh hiyo yatuhusu sisi watu wa pwani kuliko tunavyofikiri. Ndani yake mna mauti, mna ujasiri, mna ujinga wetu na wa wenzetu, na mna funzo ambalo mimi binafsi nilichelewa kulipata.

Baridi ya Meru

Sisi wa pwani baridi tuijuayo ni ya kipupwe. Pepo za kusi zikivuma, baina ya Juni na Agosti, mzee wa Tanga au wa Mombasa hujitanda shuka akasema leo kuna baridi, na hali kipimo cha joto hakijashuka sana chini ya nyuzi 20. Mji wa Arusha umekaa kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, chini ya Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,566. Na kanuni aliyoiweka Mola katika hewa ni kwamba kila upandapo mita 1,000 joto hupungua kiasi cha nyuzi sita. Basi usiku wa Julai hapa mjini kipimo huteremka kikakaribia nyuzi 10, na wakazi wa juu zaidi, pande za Ngaramtoni na Olmotonyi, huonja zaidi ya hayo. Ukungu hushuka kutoka mlimani ukalala juu ya migomba. Siku nzima huweza kupita usilione jua, na nguo uliyoianika asubuhi ukaianua jioni ingali mbichi. Juu kabisa kileleni, baadhi ya nyakati, huanguka theluji. Hukaa muda mfupi, kisha ikayeyuka.

Wenyeji wa mlima, Wameru na Waarusha, waliyajua haya kabla yetu, wakajipangia maisha yao kwa kuyafuata. Nyumba zao za zamani zilikuwa za nyasi nene zilizofika chini. Moto haukuzimwa, na ng'ombe walilala ndani pamoja na watu, pumzi zao zikiwapasha joto wenye nyumba. Mgeni wa pwani alipoona hivyo alikunja pua. Lau angalikumbuka Suratun Nahli, ambamo Mwenyezi Mungu, anapohesabu neema za wanyama wa kufuga, huanza kwa kutaja joto tulipatalo kwao kabla hajataja manufaa mengine na chakula, asingalikunja pua. Aya hiyo aliihifadhi kwa moyo. Maana yake alikuwa akiitazama kwa macho asiitambue.

Bwana Kheri na neno "baridi"

Hapa nakuomba, msomaji, tutoke kidogo Meru twende mlima jirani, Kilimanjaro, unaoonekana kutoka Arusha upande wa mashariki anga inapokuwa safi. Sababu ya kwenda huko ni kwamba misafara ya pwani iliyokwenda Uchagani, Arusha na Umasaini ilikuwa mamoja. Na ni kule Kilimanjaro ndiko habari ya watu wetu na baridi ilikoandikwa mapema zaidi.

Mwaka 1848 mmishonari wa Kijerumani, Johannes Rebmann, aliondoka Rabai karibu na Mombasa kwenda Uchagani. Aliyemwongoza alikuwa Bwana Kheri, Mswahili mzoefu wa njia zile. Tarehe 11 Mei Rebmann akaona juu ya mlima kitu cheupe. Akamwuliza kiongozi wake ile nyeupe ni nini. Kiongozi hakuwa na jina la kitu kile. Akajibu kwa neno moja tu, kwamba ni "baridi".

Zingatia jawabu hilo. Mtu yule hakusema uongo. Alijua kwamba pale juu pana baridi, lakini kitu chenyewe hakuwa na neno lake. Na habari walizokuwa wakisimuliana wasafiri wa pwani zilizidi hapo: walisema mlimani mna majini, waliopanda waliuawa na majini hayo, mikono na miguu yao ikakakamaa, na hata baruti za bunduki zao zikakataa kuwaka. Wengine wakidhani ile nyeupe ni fedha.

Kwa Wachaga mambo hayakuwa hivyo. Wao walikuwa na jina lao la ile nyeupe, Kibo, na walijua kwamba huyeyuka ikawa maji. Walilijua hilo kwa gharama. Rebmann alihadithiwa kwamba Mangi Rengua wa Machame alipata kupeleka kundi kubwa la watu wapande wakaitazame ile nyeupe ni kitu gani. Aliyerejea akaishi ni mmoja, jina lake Sabaya, naye alirudi mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi, akawa kilema maisha yake yote. Wenziwe wote waliangamia.

Basi hao wa pwani walipokuwa wakisimulia majini, msingi wa kisa ulikuwa kweli: mikono ilikakamaa, watu walikufa. Lililokosekana ni kuijua sababu. Sisi Waislamu twaamini kwamba majini wapo, kwani Qur'ani imewataja. Lakini kuamini kwamba wapo si kuwatwika kila tusilolielewa. Baruti ikiloa kwa ukungu haiwaki, na kidole kikiganda hakikunjiki, na hapo jini hakuhitajiki.

Na lililonishangaza mimi zaidi ni hili. Katika sala ya maiti, tangu enzi na enzi, mashekhe wetu wa pwani humwombea marehemu aoshwe makosa yake kwa maji, na kwa theluji, na kwa mvua ya mawe. Dua hiyo imepokewa kwa Mtume (s.a.w.) katika Sahihi Muslim. Neno lake la Kiarabu ndilo hili hili theluji tulitumialo leo, na lile la mvua ya mawe ni la shina moja na "baridi" yetu. Kwa hiyo neno tulikuwa nalo msikitini, likisomwa juu ya kila jeneza, na kitu chenyewe kilikuwa juu ya mlima, kikionekana na kila msafara. Karne na karne hakuna aliyeviunganisha. Tulisoma tukahifadhi, na hatukuuliza.

Wala usidhani kwamba ujinga huo ulikuwa wetu peke yetu. Habari za Rebmann zilipofika Ulaya, mwanachuoni wa jiografia wa London, Desborough Cooley, alizikanusha kwa maneno makali, akisema theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Hakupata kuukanyaga mlima. Alikuwa na vitabu vyake. Ikabidi Baron von der Decken apande mlimani mwaka 1861 na tena 1862, mara ya pili akafika zaidi ya mita 4,000, ndipo wengi waliposadiki. Mwenye elimu aliyekataa kusikia habari ya aliyeona kwa macho, na mwenye macho aliyekataa kuuliza, wote wawili walipotea njia moja.

Mtu wa Pangani katika hema

Jina la Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, lajulikana kwa kila mwanafunzi. Mwaka mmoja kabla yake, 1888, Meyer alikamatwa pwani na watu wa Bushiri bin Salim wa Pangani katika vita vya kuwapinga Wajerumani, akafungwa minyororo mpaka alipokombolewa kwa fedha. Na mwaka uliofuata, alipofaulu kupanda, aliyekaa naye juu kabisa katika kambi, zaidi ya mita 4,000, alikuwa mtu wa Pangani vile vile: Mwini Amani, ambaye sisi twamwita Mwinyi Amani.

Wapagazi wengine walirudishwa chini. Mwinyi Amani alibaki juu, katika kambi ndogo baina ya mawe, siku nyingi, akilinda hema na kuwapikia wazungu wawili wanaopanda na kushuka. Usiku maji yaliganda. Hakuwa amezaliwa na baridi, kama wao walivyozaliwa nayo kwao Ulaya; alizaliwa penye minazi na mto wa joto. Meyer mwenyewe aliandika habari zake kwa kumsifu. Kile kilele kikapewa jina la Kaisari wa Ujerumani, na baada ya uhuru wa mwaka 1961 kikaitwa Uhuru, na hivyo ndivyo ilivyostahili. Lakini Mwinyi Amani hana kilima wala jiwe lenye jina lake, na katika Pangani yetu nimeuliza wazee wengi nisimpate amjuaye.

Ninamtaja, msomaji, kwa sababu watu wetu wana mazoea ya kusema kwamba mtu wa pwani hawezi baridi, ni mlegevu. Mtu wa pwani aliiweza, tena mahali ambapo Sabaya aliacha mikono na miguu. Hakuiweza kwa kuwa na damu tofauti. Aliiweza kwa subira, na kwa kuwa alikuwa na hema, na blanketi, na moto. Wale wa Rengua walipanda bila ya vitu hivyo na bila ya kujua waendako.

Boma, reli, na wageni wa namna nyingi

Turudi Arusha. Wajerumani walijenga boma lao hapa mwaka 1900, baada ya vita vikali na Waarusha na Wameru. Na boma hilo lingaliko mpaka leo, ni makumbusho. Kandokando yake wakakaa askari, makarani na wachuuzi, na wengi miongoni mwao walikuwa Waislamu wa pwani au waliosilimu kwa mkono wa watu wa pwani. Ndivyo lugha yetu na sala yetu vilivyotia mizizi katika mji huu. Kisha mwaka 1929 reli kutoka Tanga na Moshi ikafika Arusha, na safari ya majuma ikawa safari ya siku. Mtu alipanda gari Tanga na kanzu moja ya bafta na kandambili, akashuka Arusha usiku, meno yakigongana.

Wazee niliowakuta Ngarenaro na Kaloleni walinihadithia jinsi walivyojifunza kuishi: kanzu ikavaliwa juu ya sweta, koti la kijeshi lililochakaa, lile tuliitalo kabuti, likanunuliwa kama mali, na mama wakajifunza kutia tangawizi nyingi katika chai. Walijifunza kwa majirani zao wa mlimani, na hapakuwa na aibu ndani yake.

Katika mwaka 1942 walifika hapa karibu, Tengeru, wageni wa namna nyingine kabisa. Walikuwa Wapolandi, kiasi cha 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1940 na 1941 Warusi waliwahamisha kwa nguvu kutoka kwao wakawapeleka Siberia na nchi nyingine za baridi kali, ambako ndugu zao wengi walikufa. Kisha wakapitia Iran mpaka wakaletwa Afrika. Makaburi yao yako Tengeru hata sasa. Hebu fikiri: baridi ile ile ya Meru iliyomtetemesha mtu wa Tanga, kwao wale ilikuwa rehema na joto. Mwili wa mwanadamu hupima baridi kwa yale uliyoyazoea na kwa yale uliyonayo ya kujikinga. Kwa hiyo asije mtu akamwambia mwenziwe, "Mbona mimi sisikii baridi? Wewe wajifanya." Kila mwili una mizani yake.

Mkono niliopiga

Sasa nifike pale nilipoahidi.

Nilipanda Arusha mwaka 1984, kijana, kuja kufundisha katika madrasa moja ya hapa mjini. Darasa letu la kwanza lilikuwa baada ya alfajiri. Miongoni mwa wanafunzi palikuwa na mtoto wa miaka tisa hivi, mwenye akili na sauti nzuri. Lakini asubuhi, hasa Juni na Julai, hati yake ilikuwa mbaya mno. Herufi zilianguka, kalamu ilimponyoka, na mara nyingine hakumaliza ubao. Jioni yule yule aliandika hati safi. Mimi nikahukumu: huyu ni mvivu wa asubuhi, usingizi wamshinda. Nami nikawa nampiga vidoleni kwa ufito, kama nilivyopigwa mimi na maalim wangu Pangani.

Hakuwa akilia sana. Nikadhani ni ukaidi. Sikujua kwamba vidole vyake havikusikia vizuri.

Asubuhi moja bibi yake alikuja naye, amejifunika khanga mbili na blanketi. Alinisalimu kwa adabu, akakaa, akaushika mkono wa mjukuu wake akauweka ndani ya mkono wangu. Akasema, "Maalim, shika kwanza mkono huu, kisha upige."

Wallahi mkono ule ulikuwa kama jiwe la mtoni. Ncha za vidole vitatu zilikuwa nyeupe kama chokaa, hazina damu. Nilizikunja zikakataa. Bibi akanieleza kwamba mtoto huwa hivyo kila asubuhi ya baridi tangu utoto wake, na kwamba akishika kikombe cha moto vidole hugeuka rangi ya samawati, kisha vikawa vyekundu na kumwuma mpaka akatoa machozi. "Hakukwambia?" nikauliza swali la kipumbavu. Akanijibu, "Mtoto amwambie nani, maalim, na fimbo iko juu?"

Nilikaa kimya. Mimi niliyekuwa nikisoma na kusomesha habari za huruma ya Mtume kwa watoto, sikupata hata siku moja kuushika mkono wa mwanafunzi wangu nijue una nini. Niliona hati mbaya, nikawa na jina lake tayari: uvivu. Sina tofauti na wale wa misafara walioona kidole kilichokakamaa wakawa na jina lake tayari: jini. Tena wao walikuwa na udhuru kunizidi, kwani hawakuumiza mtu kwa jina lile.

Tangu siku hiyo darasa la asubuhi mwezi wa Juni na Julai lilianza jua likishatoka, na hapakosekani maji ya moto ya watoto kunawia. Ufito niliuacha. Yule mtoto leo ni baba wa watoto, naye ni fundi hodari. Kila akinikuta hunipa mikono miwili. Nilimwomba radhi alipokuwa mtu mzima, akasema amekwisha samehe. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kusamehewa hakunisahaulishi.

Nami katika uzee huu Mola amenionjesha. Mikono yangu na miguu yangu ni baridi asubuhi na jioni, na mara nyingine hushindwa kufunga kifungo cha kanzu mpaka mjukuu anisaidie.

Yajulikanayo leo juu ya jambo hili

Matabibu wametueleza sababu yake, nami nitakueleza kwa ufupi. Moto wa mwili huchukuliwa na damu. Baridi ikizidi, mishipa midogo ya vidole hujibana ili damu yenye joto ibaki ndani, ihifadhi moyo na viungo vya ndani. Kama mwenye nyumba afungaye vyumba vya nje wakati wa tufani. Hii ni hikima ya Muumba. Ila kwa baadhi ya watu mishipa hujibana kupita kiasi, kwa baridi kidogo tu au hata kwa hofu, vidole vikageuka vyeupe, kisha samawati, kisha vyekundu. Aliyeeleza hali hii kwa utaratibu ni tabibu Mfaransa, Maurice Raynaud, mwaka 1862, mwaka ule ule ambao von der Decken alikuwa akithibitisha theluji ya Kilimanjaro. Wengi wenye hali hii, hasa wanawake na vijana, hawana maradhi mengine, na wakijikinga huishi salama.

Lakini mikono na miguu ya baridi daima huweza pia kuwa mjumbe wa jambo jingine: upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kisukari kinachoharibu mishipa ya damu na ya fahamu, uvutaji wa sigara, ambao hubana mishipa, na hata baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Kwa hiyo mtu asijifanyie fatwa nyumbani. Aende hospitali akapimwe damu na sukari. Na ikiwa kidole kimekuwa cheusi, au kina kidonda kisichopona, au mguu mmoja peke yake umekuwa baridi ghafula na unauma, asingoje kesho.

Wanazuoni wetu wa kale hawakulidharau jambo hili. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake mashuhuri cha Al-Qanun aliweka mlango wa kuwahifadhi wasafiri na baridi, na akataja mikono na miguu yao: ikandwe, ipakwe mafuta. Ushauri wa leo haukwenda mbali na huo. Pasha joto mwili mzima, si vidole tu, vaa kofia na soksi kabla hujasikia baridi, viatu visibane, songa, usikae mahali pamoja. Kiungo kilichokufa ganzi usikisogeze motoni, kwani hakisikii, kitaungua nawe hujui. Tumia maji ya vuguvugu. Na nakuusia kwa mkazo: usilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake haina harufu wala rangi, na imekwisha ua watu wengi waliokusudia kupata joto tu.

Wepesi wa dini yetu

Wako wazee hapa Arusha wanaotaabika na udhu wa alfajiri, wakaona kwamba kupasha maji moto ni udhaifu wa imani. Sivyo. Ni kweli kwamba imepokewa fadhila kubwa ya kutimiza udhu wakati wa mashaka. Lakini mashaka hayo ni yale yanayokukuta, si yale unayoyatafuta na hali kuni zipo. Maji yaliyopashwa moto ni tohara kamili.

Na kwa mwenye miguu ya baridi, sharia imeruhusu kupaka maji juu ya khofu mbili, mkaazi usiku na mchana mmoja, msafiri siku tatu, maadamu amezivaa akiwa na tohara kamili; wala si kila soksi ni khofu, basi mwulize maalim wako masharti yake. Na katika mwaka wa 8 wa Hijra, katika msafara wa Dhatus Salasil, Amr bin Al-As alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akaogopa kwamba akioga atakufa. Akatayamamu akawasalisha wenziwe. Walipomshitaki kwa Mtume (s.a.w.), alijitetea kwa aya inayokataza watu kujiua, Mtume akacheka, asimlaumu. Masharti ya jambo hilo pia yameelezwa katika fiqhi, na kila madhehebu ina maelezo yake. Ninalotaka ulione ni kwamba Amr alipofika na udhuru wake alisikilizwa, na aliyemsikiliza alicheka naye.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mzee aketiye karibu na moto siku nzima, au binti ashindwaye kufua kwa maji ya asubuhi, au mtoto ambaye kalamu yamponyoka, usianze kwa kumpa jina. Usiseme ni mvivu, wala usiseme amerogwa, wala usimpeleke kupungwa kabla hujampeleka kupimwa. Na wewe mwalimu mwenzangu, uliyepanda bara kama nilivyopanda mimi, ukiwa na fimbo mkononi kumbuka maneno ya yule bibi, ambaye Mwenyezi Mungu amemrehemu tangu miaka mingi: shika kwanza mkono.

Wabillahi tawfiq.